Kuhama Chuo kwa Ajili ya Kozi ya Uhandisi: Mambo ya Kujua Kabla Dirisha Halijafungwa

Kila mwaka baada ya matokeo ya KCSE kutangazwa na nafasi za vyuo kutolewa, ofisi za wadi na za elimu hupokea wazazi wenye swali moja. Mtoto amepata nafasi ya chuo kikuu, barua imetoka, lakini kozi siyo aliyoitaka. Aliomba uhandisi wa ujenzi akapewa sayansi ya udongo. Aliomba uhandisi wa umeme akapewa teknolojia ya uhandisi wa umeme, naye hajui kama hizo ni kozi mbili au ni moja yenye majina mawili. Mwingine amepata kozi aliyoitaka, ila chuo kiko mbali na nyumbani na familia haioni itakavyomudu nauli na kodi ya chumba.

Kuhama chuo kunaruhusiwa, na utaratibu wake uko wazi. Hata hivyo, muda wa kuhama ni mfupi, na anayekosea hatua moja anaweza kupoteza mwaka mzima au nafasi aliyokuwa nayo. Makala haya yanaeleza jinsi uhamisho unavyofanyika, nani anaamua nini, na mambo ambayo mwanafunzi wa uhandisi anapaswa kuyachunguza kabla ya kubonyeza kitufe cha kutuma ombi.

Jina la kozi lina uzito

Nchini Kenya kazi za uhandisi husimamiwa na bodi mbili tofauti. Ya kwanza ni Bodi ya Wahandisi Kenya (EBK), iliyoundwa chini ya Sheria ya Wahandisi ya mwaka 2011. Bodi hii husajili wahandisi. Aliyehitimu shahada ya uhandisi husajiliwa kwanza kama mhandisi mhitimu. Baada ya kufanya kazi kwa muda usiopungua miaka 3 na kupita tathmini ya kitaaluma, anaweza kusajiliwa kuwa mhandisi kamili anayeruhusiwa kutia sahihi michoro na kubeba dhamana ya kazi. Sheria hairuhusu mtu kujiita mhandisi au kufanya kazi hiyo bila usajili.

Ya pili ni Bodi ya Usajili wa Teknolojia ya Uhandisi (KETRB), iliyoundwa chini ya Sheria ya Teknolojia ya Uhandisi ya mwaka 2016. Bodi hii husajili wataalamu wa teknolojia ya uhandisi pamoja na mafundi wenye diploma na vyeti. Mwenye shahada ya teknolojia ya uhandisi husajiliwa huku, si EBK.

Kozi hizi mbili zinaweza kufundishwa katika chuo kimoja, hata katika jengo moja. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa na Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Kenya kilichoko Nairobi, kwa mfano, vina historia ndefu ya mafunzo ya ufundi na teknolojia pamoja na uhandisi. Mwanafunzi asipolisoma jina la kozi kwa makini, anaweza kusoma kwa miaka kadhaa akidhani anaelekea mlango mmoja, kumbe kozi yake inaelekea mwingine.

Teknolojia ya uhandisi si kozi ya walioshindwa. Viwanda, bandari, miradi ya maji na kampuni za umeme haziendeshwi na wahandisi wa kuchora peke yao. Zinamhitaji pia mtu anayeifahamu mashine, anayeweza kuifunga, kuipima na kuitengeneza inapoharibika. Anayependa kazi ya karakana na ya uwandani huenda akaona kwamba kozi aliyopewa inamfaa kuliko ile aliyoiomba. La muhimu ni achague akijua.

Chuo kutambuliwa si sawa na kozi kutambuliwa

Vyuo vikuu hupewa idhini na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu (CUE). Idhini hiyo ya chuo haimaanishi kwamba kila kozi ya uhandisi inayofundishwa humo itamfikisha mhitimu kwenye usajili. Chuo kinaweza kuwa na sifa nzuri katika uhandisi wa mitambo, huku kozi nyingine iliyoanzishwa juzi ikiwa bado haijakamilisha safari yake ya kutambuliwa.

Wakenya wameuona uchungu wa jambo hili. Mwanzoni mwa miaka ya 2010, wahitimu wa uhandisi kutoka baadhi ya vyuo vikuu vya umma walimaliza masomo yao, kisha wakaambiwa kuwa hawawezi kusajiliwa. Walikuwa wamesoma kwa miaka mitano na familia zao zimelipa karo, lakini hawakuwa na njia ya kuingia kazini kama wahandisi. Mvutano huo ulifika hadi Mahakama ya Juu, ambayo mwaka 2018 iliamua kwamba haki za wahitimu hao zilikiukwa. Walishinda, lakini miaka waliyoipoteza mahakamani haikurudi.

Kwa hiyo, kabla ya kuhamia kozi yoyote, mwanafunzi aangalie orodha ya kozi zinazotambuliwa kwenye tovuti ya EBK au ya KETRB, kulingana na kozi anayoitaka. Kozi isipoonekana, aandike barua au barua pepe kwa bodi na kwa chuo, kisha ayahifadhi majibu. Jibu la maandishi lina nguvu kuliko maneno ya mtu wa dirishani.

Sababu za kuhama

Si kila sababu ya kuhama ina uzito sawa. Zipo zinazostahili usumbufu wa uhamisho, na zipo ambazo mwanafunzi akikaa nazo wiki mbili huziona ni ndogo.

Sababu zenye uzito ni kama hizi: kozi aliyopewa haielekei kwenye kazi anayoikusudia, tawi la uhandisi analolitaka, kwa mfano uhandisi wa madini au wa kilimo, halifundishwi katika chuo chake, ana ulemavu au ugonjwa unaohitaji huduma zinazopatikana penginepo, au gharama ya kuishi mbali na nyumbani itamfanya aache masomo katikati. Kutoka Mombasa hadi Eldoret ni karibu kilomita 800. Kwa familia inayotegemea mauzo ya nazi au samaki, nauli ya safari hiyo kila muhula si jambo dogo.

Sababu dhaifu ni kumfuata rafiki, kuvutiwa na jina la chuo lililozoeleka masikioni, au kuyakimbia masomo ya mwaka wa kwanza kwa kudhani kwamba kwingine ni mepesi. Katika shahada ya uhandisi, ambayo nchini Kenya huchukua miaka 5, mwaka wa kwanza hufanana sana kila mahali: hisabati, fizikia, michoro ya kihandisi na mazoezi ya karakana. Anayeshindwa na hisabati ya Juja atakutana nayo Nyeri.

Uliza kwanza ndani ya chuo

Mara nyingi dawa iko karibu. Mwanafunzi aliyepewa uhandisi wa mitambo akitaka wa umeme katika chuo hichohicho, au aliyepewa teknolojia akitaka uhandisi, anaweza kuomba kuhamishwa kutoka idara moja hadi nyingine bila kuhama chuo. Ombi hilo huanzia kwa msajili wa masomo na wakuu wa idara zote mbili. Alama zake ni lazima zifikie kiwango cha kozi mpya, na nafasi iwepo.

Faida ya njia hii ni kwamba mwanafunzi hasafiri na hatafuti chumba kipya, na kumbukumbu za karo yake hubaki katika chuo kilekile. Mzazi anayeuliza habari za uhamisho ashauriwe kuimaliza njia hii kwanza kabla ya kufikiria chuo kingine.

Utaratibu wa KUCCPS

Mwanafunzi aliyepelekwa chuoni kupitia KUCCPS, shirika linalosimamia uteuzi wa wanafunzi wa kujiunga na vyuo vikuu na vyuo vya kati, huhama kupitia shirika hilohilo. KUCCPS iliundwa chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012. Utaratibu wake kwa ufupi ni huu:

1. Mwanafunzi anaripoti katika chuo alichopewa na kusajiliwa. Asiyeripoti hana mahali anapohama kutoka.
2. KUCCPS inatangaza kufunguliwa kwa dirisha la uhamisho. Tangazo huwekwa kwenye tovuti yake na kwenye kurasa zake za mitandao ya kijamii.
3. Mwanafunzi anaingia kwenye ukurasa wake wa mtandaoni wa KUCCPS, anachagua chuo na kozi anayoitaka, anaeleza sababu na kulipa ada iliyotangazwa.
4. Chuo alichopo kinaulizwa kama kinamruhusu kuondoka.
5. Chuo anachotaka kwenda kinaulizwa kama kina nafasi na kama anatimiza masharti.
6. KUCCPS inatoa uamuzi wa mwisho. Ombi likikubaliwa, mwanafunzi anapata barua mpya ya kujiunga na chuo.

Ni wazi kwamba upande wowote ukikataa, safari inaishia hapo. Hivyo basi, mwanafunzi asifunge virago kwa sababu tu chuo kimoja kimemwambia nafasi ipo. Aendelee kuhudhuria darasa, kufanya mitihani midogo na kuwasilisha kazi zake mpaka barua mpya iwe mkononi. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Wapo wanafunzi wanaorudi nyumbani kungoja majibu, na majibu yanapokuja kuwa hapana, wanakuta wenzao wamefika mbali na wao wamekosa mitihani.

Alama za klasta ndizo zinazoamua

Jambo linalowakatisha tamaa wengi ni alama za klasta. Kila kozi ina masomo manne ya KCSE yanayopimwa kwa pamoja. Kwa uhandisi, matatu kati yake ni Hisabati, Fizikia na Kemia. Alama za klasta huhesabiwa kutokana na masomo hayo manne pamoja na jumla ya alama za mwanafunzi katika mtihani mzima, na kiwango cha juu kabisa ni 48.

Kila kozi katika kila chuo huwa na alama ya mwisho iliyochukuliwa mwaka ule. Anayehamia kozi hiyo anatakiwa awe ameifikia alama hiyo. Tuseme kijana wa Kaloleni ana alama 37.9 za klasta. Kozi anayoitaka katika chuo cha kwanza ilifungwa kwa 38.5, na kozi ileile katika chuo cha pili ilifungwa kwa 36.2. Akiomba chuo cha kwanza atakataliwa, hata akiandika barua ya kurasa tatu. Akiomba cha pili, ana nafasi ya kuzingatiwa. Alama hizi ni za mfano tu, lakini hesabu ndiyo hiyo. Kabla ya kulipa ada ya ombi, mwanafunzi alinganishe alama zake na za kozi kwenye tovuti ya KUCCPS. Shughuli hiyo ni ya dakika kumi, na inaweza kumwokolea ada na wiki kadhaa za kusubiri.

Sharti lingine ni alama ya kila somo. Kozi nyingi za uhandisi hudai C+ au zaidi katika Hisabati, Fizikia na Kemia. Mwenye B+ ya jumla lakini C ya Fizikia anaweza kujikuta nje ya mlango huo.

Aliyekwisha kusoma mwaka mmoja au miwili

Dirisha la KUCCPS limekusudiwa hasa wanaoanza chuo. Aliyekwisha kusonga mbele, na vilevile anayejilipia karo yote bila kupitia KUCCPS, huomba moja kwa moja kwa chuo anachokitaka. Hapo huulizwa hati ya matokeo ya masomo aliyoyafanya, maelezo ya kila somo, na barua kutoka chuo anachotoka inayoonyesha kwamba hana deni wala kosa la nidhamu.

Chuo kipya ndicho kitakachoamua ni masomo gani yatahesabiwa na yapi yatarudiwa. Kadiri mwanafunzi anavyochelewa, ndivyo hasara inavyokua. Masomo ya mwaka wa kwanza hufanana, kwa hiyo mengi yaweza kukubaliwa. Kufikia mwaka wa tatu matawi yameachana: wa ujenzi anasoma miundo ya majengo na udongo, wa umeme anasoma mitambo ya umeme na mawasiliano. Anayevuka kutoka tawi moja hadi jingine wakati huo aelewe kwamba huenda akarudi nyuma mwaka mmoja au miwili, na karo ya miaka hiyo ni lazima ipatikane.

Mwanafunzi aombe orodha ya masomo yatakayokubaliwa kwa maandishi kabla ya kuondoka katika chuo cha zamani.

Njia ya vyuo anuwai

Ambaye hakufikia C+ ya chuo kikuu, au aliyeona kwamba alama zake za klasta hazitamfikisha kwenye uhandisi, bado ana njia. Diploma ya uhandisi katika chuo anuwai kilichosajiliwa na Mamlaka ya Elimu ya Kiufundi (TVETA) humfikisha kwenye ngazi ya 6 ya mfumo wa kitaifa wa sifa za masomo. Shahada ni ngazi ya 7. Mfumo huo uliwekwa na sheria ya mwaka 2014 ili mtu aweze kupanda kutoka cheti hadi diploma na kutoka diploma hadi shahada. Vyuo vikuu kadhaa hupokea wenye diploma nzuri, na vingine huwapunguzia baadhi ya masomo. Njia hii ni ndefu kidogo, lakini anayeipita hufika chuo kikuu akiwa na ujuzi wa karakana, na anaweza kufanya kazi huku akiendelea kusoma.

Fedha hazimfuati mwanafunzi zenyewe

Hapa ndipo familia nyingi hukwama. Sehemu ya mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu (HELB) inayohusu karo hulipwa kwa chuo, na ile ya matumizi hupewa mwanafunzi. Mwanafunzi akihama bila kuiarifu HELB, karo inaweza kwenda katika chuo cha zamani huku chuo kipya kikimdai.

Basari nazo ni hivyo. Hundi ya basari, iwe ya kaunti au ya hazina ya eneobunge, huandikwa kwa jina la chuo pamoja na nambari ya usajili ya mwanafunzi. Jina la chuo likibadilika, hundi haitafaa. Aliyehama apeleke nakala ya barua mpya katika ofisi ya wadi mapema, kabla orodha haijafungwa. Na kama hundi ilikwisha kutumwa, aombe chuo cha zamani kuirudisha au kuihamisha pesa kwa barua rasmi, kwani mambo haya hayamalizwi kwa simu.

Gharama nyingine za kuhesabiwa mapema ni ada ya ombi, nauli, kodi ya chumba, na vifaa ambavyo chuo kipya hudai, kama vile nguo za karakana na zana za kuchorea.

Kaunti inaweza kufanya nini

Wazazi wengine huja wakiamini kwamba afisa wa kaunti au mwakilishi wadi anaweza kumhamisha mwanafunzi. Hawezi. Chini ya Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010, elimu iliyokabidhiwa kaunti ni ya chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini na vituo vya kulea watoto. Vyuo vikuu viko mikononi mwa serikali ya kitaifa. Anachoweza kufanya afisa wa kaunti ni kueleza utaratibu, kusahihisha kumbukumbu za basari, na kumwelekeza mwanafunzi kwenye ofisi inayohusika, ikiwemo Kituo cha Huduma kilicho karibu.

Kwa sababu hiyo, yeyote anayedai kuwa ana mtu wake ndani anayeweza kupitisha uhamisho kwa malipo ni tapeli. Malipo ya huduma za serikali hupitia mfumo rasmi wa eCitizen, hayatumwi kwa nambari ya simu ya mtu binafsi. Vilevile, mwanafunzi asimpe mtu yeyote neno la siri la ukurasa wake wa KUCCPS, hata kama ni mwenye saiba anayemsaidia kujaza fomu. Aliandike mwenyewe, na akimaliza ahakikishe ametoka kwenye ukurasa huo.

Kabla ya kutuma ombi

Mwanafunzi na mzazi waketi pamoja na kujibu maswali haya:

- Kozi mpya inaelekea EBK au KETRB, na je, imo katika orodha ya bodi hiyo?
- Alama za klasta na za kila somo zinatosha kwa kozi hiyo katika chuo hicho?
- Je, tatizo linaweza kutatuliwa kwa kubadilisha idara ndani ya chuo alichopo?
- Karo, chumba na nauli vimehesabiwa kwa miaka yote iliyobaki?
- HELB na ofisi ya basari zitaarifiwa lini, na ni nani atakayezifuatilia?

Majibu yakipatikana na bado kuhama kukaonekana kuwa na maana, mwanafunzi aombe mara tu dirisha linapofunguliwa, ahifadhi nakala ya kila hati, na aendelee na masomo yake pale alipo hadi atakapopewa barua mpya.